Nani Alikuwa kwenye Usukani?

Kama wiki iliyopita hukunisoma, nitakusogeza haraka, maana aibu hii haihitaji kurudiwa kirefu.

Mimi nilikuwa muuza dawa. Nilikuwa na koti jeupe, kaunta yangu na kiti changu cha kuzunguka. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya udereva. Siku moja akarudi nyumbani na mabegi mawili makubwa ya mgongoni, akasema tunaacha kazi, tunakwenda kuzunguka dunia kabla hatujazeeka. Nami, sijui nililishwa nini, nikakubali.

Tangu hapo tumelala vituo vya mabasi. Tumelala vyumba vya vitanda vya ghorofa, na watu wanaokoroma kwa lugha tusizozijua. Tumekula mkate mkavu tukiwa tumesimama. Wiki iliyopita niliwaacha bandarini, pale mume wangu alipomwambia Nahodha mwenye mashua ya matanga kwamba yeye amekulia baharini, ili atuvushe hadi nchi ya pili kama wasaidizi wake.

Mtu huyu kuogelea hajui. Hata kuoga, anaoga kwa ndoo.

Na mnamkumbuka aliyetokea gatini wakati kamba zinafunguliwa, akiburuta sanduku la magurudumu? Wifi yangu. Dada mkubwa wa mume wangu.

"Nimeona si vizuri mdogo wangu asafiri peke yake," alisema.

Peke yake! Na mimi nimesimama pale pale, begi mgongoni.

Haya, tuendelee.

Wanafunzi walimpa mume wangu jina la Mwalimu Breki, nami nimelichukua kwa sababu linamfaa kuliko lile la mama yake. Kwa miaka yote aliyofundisha, sijawahi kumwona akiendesha gari yeye mwenyewe. Anakaa kiti cha kushoto, mguu juu ya ile breki ya mwalimu, anafoka. Tukipanda teksi, anakanyaga sakafu. Nikisukuma toroli dukani, anakanyaga sakafu. Kazi yake duniani ni kukaa pembeni ya mtu anayefanya kazi na kumwambia anakosea.

Kuna jambo Breki halijui ila ninyi mnalijua. Ng'ambo ya bahari hii yuko mwanamke niliyesoma naye mambo ya dawa. Ana duka, na kaunta yake iko wazi. "Uwe umesimama mlangoni kwangu Jumatatu asubuhi nikifungua," aliniambia kwa simu. "Usipokuwepo nampa mpwa wa mume wangu, maana wamenichosha kwa kunipigia simu."

Nitavaa koti jeupe tena. Na Breki aendelee na dunia yake. Si anajisifu kwamba yeye ni mtu huru, hafungwi na chochote? Basi nimfungue.

Kizuizi kilikuwa kimoja tu, pasipoti. Breki anazibeba zote mbili kwenye mkoba mdogo anaoufunga tumboni, chini ya shati. Nilishamwomba yangu mara kadhaa.

"Mkuu wa msafara ndiye anayetunza nyaraka," ananijibu. "Wewe utaipoteza."

Anayesema hivyo alipoteza kiatu ndani ya basi. Kimoja. Kingine alikuwa amekivaa.

Mashua yenyewe ilikuwa na upana wa stoo yetu ya dawa. Chini kulikuwa na chumba chenye mabenchi mawili yanayogeuzwa vitanda, jiko la gesi la kuning'inia na harufu ya dizeli. Siku ya kwanza wote tulitapika isipokuwa Nahodha. Wifi alitapika akilaumu.

"Wifi, hizo dawa zako za kichefuchefu mbona hazifanyi kazi? Au umenipa zilizokwisha muda?"

"Zinamezwa kabla ya safari, wifi. Wewe umemeza baada ya kutapika."

"Kila kitu unajibu. Mwanamke wa kujibu-jibu hadumu."

Nilijiambia, acha aseme, siku zake zinahesabika.

Siku ya pili Mungu akanifungulia njia. Mkoba wa Breki ulikuwa unambana tumbo, akauvua, akautupa kitandani na kukimbilia juu kutapika. Nilikuwa peke yangu chini. Nikaingiza mkono. Vijitabu viwili, majalada yaleyale. Yangu ninaijua, ina kona iliyovimba kwa maji. Nikapapasa, nikaipata hiyo kona, nikachomoa.

Papo hapo nikaona miguu ya wifi inashuka ngazi. Nikaisukumiza pasipoti ndani ya soksi, soksi nikaitumbukiza chini kabisa ya begi langu.

"Unatafuta nini?" akauliza.

"Soksi."

"Baridi gani hiyo unayoisikia wewe peke yako?"

Breki akarudi, akajifunga mkoba wake bila hata kuangalia ndani. Akaupapasa, akaridhika. Huyo ndiye mkuu wa msafara. Nilimdharau mpaka nikamwonea huruma kidogo, kisha huruma ikapita.

Sasa sikilizeni ya Jumapili.

Nahodha aliamka shavu limevimba. Jino. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini asubuhi ile hata hayo machache yalitoka kwa shida. Upepo ulikuwa umekufa, matanga yananing'inia, injini inakohoa taratibu. Nikamtazama kinywani, nikamtolea vidonge.

"Hivi vitatuliza maumivu," nikamwambia, "ila vinalaza. Usimeze kama huna mtu wa kushika usukani."

Akanitazama. "Mama, shika wewe. Jana umeshika vizuri."

Kweli nilikuwa nimeshika, naye akanifundisha desturi yake. Mwenye usukani hauachii hivihivi. Anataja namba ya dira, anayepokea anaweka mkono kwenye usukani na kuirudia kwa sauti, ndipo wa kwanza anaachia. Na dira inasomwa ukiwa umekaa nyuma ya usukani, macho kwenye mstari mwekundu. Dira yenyewe ni sahani ya namba inayoelea kwenye bakuli la kioo. Namba iliyo kwenye mstari ndiko unakokwenda.

Kabla sijajibu, Breki akajitia kati.

"Mke wangu? Nahodha, huyu ni wa kuuza dawa za kikohozi! Mimi ndiye niliyekwambia nimekulia baharini. Au unaniita mwongo?"

"Mke wako anajua namba," Nahodha akasema, ameshika shavu.

"Nimepitisha madereva wangapi mimi? Mashua ni gari tu, tena haina gia."

"Breki," nikasema, "mwache aamue mwenye chombo."

"Nenda kamenye viazi."

"Nenda, wifi," dada mtu akadakia. "Mambo ya usukani waachie wanaume."

Jino lilimshinda Nahodha. Angekuwa mzima, asingekubali. Akataja, "Tisini." Breki akaweka mkono, akarudia, "Tisini," kwa sauti ya mtu anayetangaza ushindi. Nahodha akameza vidonge, akajikunja kwenye kile kijishimo cha mbele anacholala, na akalala fofofo.

Nikashuka kumenya viazi. Nilikuwa nimejiapiza kwamba uso wa Breki sitautazama tena siku ile, hata wakati wa chakula. Mawingu yalikuwa yamefunika mbingu yote. Juu nikawasikia wanagombana, kama kawaida yao.

"Angalia mbele! Mbele!"

"Naangalia!"

"Kioo! Umeangalia kioo?"

"Kioo kiko wapi, mdogo wangu?"

"Ingekuwa barabarani, dada, ungeshaua!"

Nikasonya, nikakata kitunguu. Ningetumia akili, ningejiuliza anamfundisha nani. Lakini kumsikiliza Breki kwa makini nilishaacha zamani.

Viazi viliiva, tukala. Breki na dada yake niliwapitishia sahani zao kwa mlango wa juu, macho nikayageuzia pembeni. Nikaosha vyombo, nikajilaza. Mchana ukasogea. Kisha mawingu yakafunguka na jua likaingia kupitia kidirisha cha ubavuni, likanipiga usoni.

Nikakaa kitako. Tulikuwa tunakwenda mashariki. Jua la alasiri lilitakiwa liwe nyuma yetu.

Nikapanda ngazi.

Kwenye usukani alikuwa amekaa wifi yangu, ameung'ang'ania kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Pembeni yake, upande wa kushoto, mikono kifuani, mguu umekanyaga sakafu, alikuwa amekaa Breki.

"Nani kampa huyu usukani?"

"Anajifunza," Breki akasema. "Namsimamia."

"Mbona jua linatupiga ubavuni?"

"Jua la huku si la kwetu. Huku linahama."

Jamani. Mtu mzima, ana ndevu, ana cheti.

"Dira inasema ngapi?"

Akainama kutoka hapo hapo alipokaa, akachungulia. "Tisini. Tangu asubuhi ni tisini. Unafikiri mimi mjinga?"

Nikamsogeza wifi, nikakaa nyuma ya usukani. Mstari mwekundu ulikuwa kwenye sifuri. Kutwa nzima tulikuwa tunakwenda kaskazini.

"Breki, ulikuwa unaisoma wapi hii dira?"

"Hapa."

"Hapo ni pembeni! Unaona namba za ubavuni! Inasomwa ukiwa hapa, kwa aliyeshika usukani!"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

"Kiti cha mwalimu," akasema, "kiko kushoto."

Kesho ni Jumatatu, duka linafunguliwa asubuhi, na mimi nimepelekwa kusikojulikana na mtu asiyeweza kushika kitu chochote mpaka ampe mwenzake akishike. Nililia kwa hasira mbele yao, sijali.

"Analia nini sasa?" wifi akamwuliza mdogo wake. "Si tutafika tu?"

Nilikuwa ninaanza kugeuza mashua nilipoona maboya ya manjano. Yalikuwa yamepangwa mstari, na sisi tulikuwa ndani ya mstari. Kisha nikasikia injini kubwa, na sauti kwenye kipaza sauti.

"Zimeni injini! Msisogee! Mko ndani ya eneo la mazoezi ya kijeshi!"

Mguu wa Breki ulikanyaga sakafu kwa nguvu zote.

Boti ya doria ikajibana ubavuni mwetu. Akavuka afisa mwanamke mwenye miwani ya jua, na askari mmoja nyuma yake. Hakusalimia.

"Nani alikuwa kwenye usukani?"

Maji yanagonga mbao. Wifi akaanza kuukagua mlingoti kana kwamba kawekwa kuulinda.

"Nimeuliza, nani alikuwa kwenye usukani? Mmepita maboya yote. Hapa watu wanapiga mizinga."

Breki akakohoa. Akanyoosha kidole.

"Mke wangu."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Nini?"

"Afande, ni huyu. Nilimkataza, hasikii. Tangu nimuoe hasikii."

"Kweli?" Afisa akamgeukia wifi.

"Kweli kabisa, mwanangu," wifi akasema, uso umekauka. "Hata mimi nilimwambia, wifi, acha, hiyo si kaunta ya dawa. Akanijibu."

Askari alikuwa amekwenda kumtikisa Nahodha. Nahodha akakaa, shavu kama ndimu imewekwa ndani, akasema, "Tisini. Rudia," akaanguka tena.

"Huyu amelewa?"

"Ana jino," nikasema. "Nimempa vidonge vya maumivu."

"Mnaona wenyewe!" Breki akaruka. "Yeye ndiye aliyemlaza!"

Nilimtazama yule mwanaume. Asubuhi mimi ni wa viazi. Jioni mimi ndiye baharia, tena jambazi la kulaza manahodha. Nilifungua mdomo nimwage kila kitu, dira, kiti cha kushoto, somo la dada yake. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno.

Kisha afisa akasema, "Aliyekuwa kwenye usukani anaondoka na sisi."

"Wapi?" nikauliza.

"Bandari kuu. Kabla ya giza tumefika. Utatoa maelezo, tutakagua nyaraka zako. Ikionekana ni uzembe tu, unaonywa na kuachiwa alfajiri."

Bandari kuu. Mji ule ule. Duka la mwenzangu liko nyuma ya forodha, mwenyewe alinielekeza.

"Na hawa?"

"Askari wangu atabaki nao awaongoze taratibu. Kwa injini hii na upepo huu," akaisikiliza injini yetu bila heshima, "watafika keshokutwa, wakijaliwa."

Yale maneno yaliyofika kwenye meno nikayameza. Nikafuta machozi kwa kiganja.

"Ni kweli, afande. Nilikuwa mimi. Nilikatazwa, nikaziba masikio."

Breki alibaki mdomo wazi. Nadhani alitegemea nitapigana, yeye akae pembeni anielekeze.

Nikashuka, nikachukua begi langu, nikarudi nalo mgongoni. Breki akanisogelea, sauti kainywesha asali.

"Mke wangu, usijali. Nimefanya hivi kwa ajili yetu. Mwanamke hawamfanyi kitu. Utanisubiri bandarini." Akaupapasa ule mkoba wake wa tumboni. "Kwanza bila mimi hufiki popote."

Hapo ndipo nilipofunguka. Nilikuwa na mguu mmoja kwenye boti ya doria na mwingine kwenye mashua, na afisa amenishika mkono.

"Nikusubiri wewe? Nisikilize vizuri, Breki. Sikusubiri bandarini, sikusubiri kituoni, sikusubiri ahera. Nimepata kazi, nina kaunta, nina koti langu. Kuanzia leo tafuta mwingine wa kukaa kushoto kwake. Umri wangu wote na wewe nimeendesha mimi, wewe unakanyaga sakafu! Sasa kanyaga! Kanyaga tuone kama itasimama!"

"Unamsemaje mume wako mbele za watu!" wifi akapiga kelele.

"Na wewe, wifi, mchukue. Ulisema si vizuri asafiri peke yake. Haya, hayuko peke yake. Mwogeshe, mlishe, mlaze!"

Askari aliyebaki aligeuka akaangalia bahari, mabega yanamcheza kwa kicheko. Nikavuta mguu wangu wa pili. Boti ikanguruma, maji yakafunguka katikati yetu, na nikamwona Breki anapungua, amesimama na ule mkoba wake kaushika kwa mikono miwili.

Sijawahi kupumua vile. Upepo ulinipiga, chumvi ilinikauka midomoni, nikacheka mwenyewe. Afisa akanikazia macho.

"Umekaa naye muda gani?"

"Muda wa kutosha, afande."

"Na usukani hukushika wewe."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Alikuwa na macho ya mtu aliyechoka, si mkali kama nilivyomdhania.

"Ulichokiri umekiri," akasema. "Nitaandika uzembe. Kesho ukawahi hiyo kaunta yako. Lete pasipoti tumalize."

Nikafungua begi mbio mbio. Nikatoa nguo, nikatoa kanga ya kulalia, nikafika chini kwenye soksi. Nikaichomoa ile pasipoti, kona yake iliyovimba kwa maji, nikampa kwa mikono miwili. Nilikuwa tayari naiwaza harufu ya duka, makabati ya vioo, kiti cha kuzunguka.

Afisa akaifungua. Akaitazama. Akanitazama mimi. Akaigeuza kwenye mwanga, akanitazama tena.

"Huyu mwenye ndevu ni nani?"

Nikadhani ananitania. Akanigeuzia ukurasa.

Alikuwa amekodoa macho, shingo kaikaza, kama mtu anayemsubiri mwanafunzi akosee. Hata pichani alikuwa ameegemea kushoto.

Kumbe jasho la tumbo lake lilikuwa limeivimbisha kona na ya kwake.

"Ni mume wangu," nikasema.

"Na ya kwako iko wapi?"

Niligeuka nyuma. Mashua ilikuwa imebaki tanga tu.

"Anayo yeye. Tumboni."

Afisa akakifunga kijitabu, akapumua kwa pua, kisha akainua sauti kumfikia dereva wa boti.

"Geuza! Huyu mama amemsahau mumewe."